Zamu ya Saíde

Juzi mlinijia na katoni la biskuti mmelichana, mmelichora miraba kwa kalamu nene, na vifuniko vya soda vinagongana mifukoni. Mkaniuliza, "Babu, mchezo unaanzia wapi?" Nikawafukuza kwa kusingizia mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Swali lenu ndilo lililoniuma, na sikutaka mnione uso wangu.

Sasa nimekaa, nawajibu. Mimi Momade nimechonga mabao hapa Palma tangu sina ndevu: bao la kete, ubao wa dama, na wa ludo kwa wale wenye haraka. Nimeacha kwa sababu vidole havikazi tena patasi, na karakana yenyewe imebaki kuta. Lakini kichwa bado kipo, na hasira zangu bado zipo, kwa hiyo mtanivumilia.

Nianze na mlichokosea, kusifu tutasifu mkimaliza. Mmechora njia nzuri, mmeweka kona, mmeweka hata rangi. Kabla sijawafukuza niliwauliza, kete ikiliwa inakwenda wapi? Mkatazamana. Mmoja wenu akasema hilo mtaliona mbele ya safari. Wajukuu zangu, hilo ndilo mchezo wenyewe. Mengine yote ni mapambo.

Tazameni dama. Kete ikiliwa inawekwa pembeni, ndiyo basi, harudi mtu. Ndiyo maana dama ikikaribia mwisho ubao unakuwa mpweke, kingi wawili wanafukuzana kwenye uwanja mtupu. Ludo sivyo. Ukiliwa unarudishwa nyumbani kwako, unakaa kusubiri sita ya dado, unaanza safari upya na midomo mirefu. Ludo haiishi, na watu wanagombana, kwa sababu kila mtu ana kinyongo cha njia aliyokwisha kuitembea. Sasa bao. Kwenye bao ukila kete za mwenzako unazipanda upande wako, moja moja, shimo kwa shimo. Zinakuwa zako, zinakufanyia kazi wewe, na kesho mwenzako anazila tena zinarudi kwake. Hakuna kete inayotoka ubaoni. Bao linamalizika limejaa vile vile.

Aliwahi kuletwa mwalimu kutoka kusini kabisa ya nchi, profesa Armindo, mtu mrefu wa miwani, mpole. Siku ya kwanza kukaa kwenye baraza ya karakana yetu alifurahi, akasema ubao wa safu nne hata kwao upo. Tukampa kete acheze na Saíde. Saíde alikuwa mshirika wangu wa kazi, nitamsema sana hapa. Profesa ana mkono mwepesi, akala shimo zito, kisha akazichukua zile kete akazitia kwenye mfuko wa shati.

"Ee, profesa! Unazipeleka wapi?"

"Comi," akasema. "Nimekula. Está fora, zimetoka."

"Hapa hakuna fora," Saíde akamwambia. "Hapa aliyeliwa anapewa kazi. Zirudishe, pá, tusije tukakupekua."

Baraza nzima ilikufa kwa kicheko. Profesa akazitoa, akazifuta kwa leso, akazirudisha. Halafu wakabishana mpaka ikaadhiniwa alasiri, kwa sababu kwao aliyeliwa anatoka kweli, na yeye aliona huko ndiko kumhurumia, kwamba kete imeshachoka, iache ipumzike. Saíde alisema hapana, huruma ni kubaki na watu, hata kama ni watu wa upande mwingine. Mimi siku ile nilikuwa na Saíde. Siku hizi nikikumbuka nabadilika badilika.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Amade, Mungu amrehemu, mzee wa maneno machache na kikohozi kingi. Bao la kwanza aliloniachia nichonge peke yangu nililiharibu, tena nikiwa nimelipiga msasa likang'aa. Kila upande wa bao una shimo moja la mraba linaloitwa nyumba, ndimo mchezaji anamoweka akiba yake kubwa. Nyumba inakaa kidogo kuliani kwa mwenye upande. Sasa wachezaji wanaelekeana, kulia kwako ni kushoto kwa mwenzako, kwa hiyo nyumba mbili hazitazamani, zimepishana. Mimi nilichonga ya upande wangu, nikainua macho tu, nikachonga ya pili mbele yake sawasawa. Niligeuza macho, sikugeuza ubao.

Fundi Amade hakunipiga. Aliagiza kahawa, akapanga kete, akaniketisha. Akala nyumba yangu mwanzo kabisa wa mchezo, sijakaa hata vizuri.

"Umejenga mlango kwa mlango," akasema. "Majirani hawa wanamalizana kahawa haijapoa. Weka upenyo. Mtu apate pa kuogopea."

Bao lile akampa mkewe, akawa anawekea mayai. Kila nikienda kwake kula nalikuta jikoni na mayai yake, na yule mama ananiambia asante mwanangu, hayavunjiki hata moja. Tangu siku ile kila nikichonga nauzungusha ubao mzima, nahama na kigoda changu nakaa upande wa pili, natazama kama adui. Hata nyinyi na katoni lenu, hameni mkae upande wa pili. Mtaona mambo.

Na mashimo msiyapime kwa rula. Shimo la bao linapimwa kwa vidole. Ukizoa, kete zote zije mara moja, isibaki moja imejificha chini. Likiwa na kina kifupi, kete zinaruka mtu akicheza kwa hasira, na watu wetu wanacheza kwa hasira. Likiwa refu mno linaficha, na kinachofichwa kinaleta ugomvi. Kete zenyewe ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za pwani. Mti tulitumia mkongo, na Saíde ndiye aliyekuwa akiufuata Pundanhar, kwa barabara ile inayovunja magari na viuno. Alikuwa anarudi mwekundu kwa vumbi kichwa mpaka miguu, anapita moja kwa moja dirishani kwa Atija kuomba maji.

Atija ni mke wake. Dirisha la jiko lake lilitazama baraza yetu ya karakana, na hapo dirishani aliuza vitumbua asubuhi. Hakuwahi kukaa na wanaume kucheza, lakini mchezo aliujua kwa masikio. Kete zikianguka ubaoni yeye anageuza vitumbua na kusema bila kutazama, "Shemeji leo anafungwa." Shemeji ni mimi. Mara nyingine Saíde akizubaa tunasikia sauti kutoka kwenye moshi, "Kula, wewe, unamsubiri nani?" Watu wakacheka, Saíde akasema mke wangu ni redio.

Nyinyi hamkumjua Saíde, na hilo linanisikitisha kuliko karakana. Alikuwa mvivu wa msasa na hodari wa kila kitu kingine. Kwenye bao kuna sheria ambayo naiona tamu kuliko zote: ukiweza kula, lazima ule. Huruhusiwi kusema leo sina njaa. Wageni wanadhani sheria hiyo ni zawadi. Saíde aliijua ilivyo. Alikuwa anakulisha. Anakuachia shimo moja, unakula kwa sababu sheria inakulazimisha, kete zinazunguka, zinakupeleka mahali usipotaka kwenda, halafu yeye anafagia. Mkitaka mchezo wenu uwe na uhai, wekeni lazima moja. Mtu akiwa na hiari ya kila kitu hakuna mchezo, ni maongezi tu.

Barazani kwetu tulikuwa na desturi zetu. Mchezo ukikatizwa, labda kwa msiba au mtu kaitwa kwake, ubao hauguswi. Unafunikwa kwa ungo mpaka mwenye zamu arudi, hata zipite wiki. Na mchezo ukiisha, aliyeshindwa ndiye anayekusanya kete na kuzipanga upya. Aliyeshinda anakunja mikono na kutazama mbali. Saíde kukusanya alikuchukia kabisa. Akishindwa anaanza kukohoa, anakumbuka anaitwa kwao, anataka kwenda chooni. Tunamshika shati. "Kusanya kwanza!"

Siku watu wenye bunduki walipoingia mjini, mimi na Saíde tulikuwa tunacheza. Atija alikuwa amekwenda msibani upande wa ufukweni. Kete za akiba zilikuwa zimekwisha kuingia zote, tunacheza na zilizomo ubaoni, na mimi ndiye ninayeongoza. Nimejaa vizuri mbele, nimeshaanza kumtania kuhusu kukusanya. Zamu ilikuwa yake. Akatazama ubao, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, cha mtu aliyeona kitu. Hapo ndipo tuliposikia. Kwanza tukadhani ni mabati yanashushwa. Mara ya pili hatukudhani chochote.

Saíde akachukua ungo wa vitumbua, akafunika ubao, akausukuma polepole chini ya benchi.

"Usiguse kete, Momade," akasema. "Zamu yangu."

Akakimbilia ufukweni kumfuata mkewe. Mimi nikakimbilia kwangu kuwachukua wanangu. Sikumwona tena. Atija kule msibani alikuwa ameshatoka na kina mama wengine kupitia mikokoni. Yeye alikimbia huku, mumewe anamfuata kule.

Sisi tulishika njia ya Nhica, tukavuka Rovuma, tukakaa ng'ambo. Huko nilijikuta nawagawa watu kwa michezo, mnisamehe, ndivyo kichwa changu kilivyochongwa. Kuna waliokufa tukaambiwa wamezikwa wapi. Hao ni wa dama, tuliwalia tukamaliza. Kuna tulioporwa kila kitu tukarudishwa mwanzo na mkeka na ndoo, tunasubiri sita; sisi ni wa ludo. Na kuna waliochukuliwa. Vijana wa hapa hapa, walionunua vitumbua dirishani, wakaja kuonekana upande wa pili wanabeba mizigo ya watu wale. Nilipolisikia hilo nilikumbuka tulivyomcheka profesa na kete zake mfukoni. Nililia pale pale, mbele za watu, na sikujificha.

Saíde sikujua nimweke wapi. Mmoja alisema kamwona njia ya Pundanhar amebeba mtoto wa watu. Mwingine alisema Nhica, anaumwa mguu. Mwingine akaapa yuko Mtwara, anauza mkaa. Atija aliyafuata maneno yote hayo, moja baada ya jingine, kwa miguu na kwa magari ya kuomba. Mtwara alimkuta muuza mkaa kweli, Saíde mwingine, mzee wa Newala, akamwonea huruma akampa chai.

Niliporudi Palma nilikuta paa la karakana limeanguka. Mabati yalikuwa yamelalia benchi, na chini ya benchi palikuwa na ubao wetu. Ungo umeoza, mchanga umeingia, majani yameingia. Kete zilikuwa mashimoni. Nilizifuta mchanga moja moja kwa kuinua na kurudisha pale pale, na mchezo nilikuwa naukumbuka, msidhani nilibahatisha. Nikaufunika kwa ungo mpya.

Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kuufunua. Nakaa upande wangu, nahama upande wake, natafuta alicheka nini. Sikioni. Upande wangu umejaa, upande wake umechoka. Hata hivyo yule mtu alicheka. Na ilinifaa kutokiona, nawaambia ukweli, kwa sababu maadamu kuna hatua ambayo Saíde peke yake ndiye anayeijua, basi Saíde yupo. Mwenye zamu hajafa. Nilijiambia hivyo nikanywa chai nikaenda zangu.

Atija naye alikuwa amerudi, akafungua tena dirisha kwenye jiko lisilo na paa. Miaka ilipita, maneno ya kumwona Saíde yakakatika kabisa. Shehe na ndugu wa Saíde wakakaa, wakaona wamsalie ghaibu, sala ya maiti asiye na mwili, mkewe apate kukaa eda, avue mapambo kama wajane wote. Shehe akasema lakini mtu wa mwisho kumwona ni Momade, aulizwe moyo wake. Nikaulizwa. Nikasema, "Ana zamu." Ndugu wa Saíde wakainamisha vichwa. Mambo yakalala.

Atija alinijia siku hiyo hiyo, amefunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupigana.

"Shemeji, mimi ni nani?"

"Mke wa Saíde."

"Mke wa Saíde yuko wapi mumewe? Sipikii mtu, simlilii mtu. Harusini nawekwa na walioolewa, nakaa naona haya. Msibani wajane wananisogelea, nawakimbia. Kufa kwake nimeshakufa nako mimi, peke yangu, mara nyingi. Sasa nataka watu wanisaidie."

"Akirudi je?"

"Akirudi ntampikia," akasema. "Nkwambie mara ngapi? Akirudi ntampikia. Futa ubao ule."

"Siugusi. Si zamu yangu."

Aliondoka bila kuaga. Muda mrefu akawa haniuzii vitumbua. Akiniona nakuja anaita mteja wa nyuma yangu. Nilikasirika nikanunua mkate wa dukani, mgumu kama tezo.

Halafu siku moja asubuhi, nimefunua ubao, nimekaa upande wangu, nikaona kivuli. Atija alikuwa ameosha mikono, bado ina maji. Akavuta kigoda cha mumewe, akakaa upande wake, akatandaza kanga magotini.

"Shemeji, umekuja kufuta," nikasema. "Mimi sitakuzuia, lakini sitatazama."

"Sijaja kufuta. Zamu ya nani?"

Nikakionyesha kwa kidole kigoda alichokalia. Nilishindwa kulitamka jina.

Akatazama ubao. Macho yake hayakwenda mbele, mahali nilipokuwa natafuta mimi miaka yote. Yalikwenda safu ya nyuma.

"Saíde hajawahi kuanza mbele hata siku moja," akasema, kama anajisemea. "Akifunga shati anaanza kifungo cha chini. Wali anaanza ukoko. Akitaka kukwambia jambo anaanza na habari za Pundanhar." Akacheka kidogo puani.

Akanyoosha mkono akazoa shimo la pembeni kabisa safu ya nyuma, shimo nililokuwa nalidharau, lina kete chache za kusahauliwa. Akapanda. Moja, nyingine, nyingine. Zikakunja kona, zikaingia mbele, ya mwisho ikaangukia penye kete, na mkabala wake kwangu pamejaa. Lazima kula. Akala. Akapanda tena tangu kichwani mwa safu, ikafika tena penye kete, akala tena. Zikazunguka, na mimi nimeshika magoti yangu, naona safu yangu ya mbele inakwisha shimo kwa shimo, na akiba yangu yote ninayojivunia inahamia kwake. Mlio wa kete ulikuwa ule ule. Mkono wake ulitulia wakati safu yangu ya mbele haina kitu, na kwenye bao hapo umefungwa.

Ndicho alichokuwa amekiona. Alikuwa ameshanifunga, yule mshenzi, akacheka, akafunika.

Nililia. Atija hakulia. Alikunja mikono akatazama mbali, upande wa barabara, kama anavyofanya mshindi barazani kwetu.

"Shemeji," akasema. "Umeshindwa."

"Nimeshindwa."

"Basi kusanya."

Nikaanza kukohoa. Nilitaka kusema naitwa kwangu, nilitaka kuinuka. Akanyoosha mkono akanishika shati.

Nikakusanya. Nilianza na za mbele nikaja za nyuma, zake na zangu, haziwezi kujulikana tena zipi zilikuwa za nani. Nilipofika shimo la mwisho na kuinua kichwa, Atija alikuwa anavua bangili, anaziweka ubaoni moja baada ya nyingine, kwenye nyumba ya Saíde.